Wino wa Zambarau

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua huko uliko hutaniitikia, lakini ulinilea nisianze neno na mkubwa kabla ya kumwamkia, na mimi mpaka leo ni mtoto mtiifu. Utiifu huohuo ndio ulioniponza.

Nimerudi shule, Baba. Usicheke. Kwa umri huu, na miwani yangu puani, nasomea cheti cha uzamili cha maadili na uzingatiaji wa kanuni, kwa njia ya mtandao. Mwalimu yuko nchi ya mbali. Namwona kwenye kompyuta kila Jumamosi mchana, nikiwa hapa hapa Mkuyuni, kwenye meza yako ya mninga. Mama akipita huniuliza kama huyo mzungu ameshakula. Ofisini kazi yangu ni kuhakikisha watu hawasaini wasichokisoma, na bosi akaona nitafute cheti cha kuthibitisha ninachokijua. Zoezi la kwanza tuliambiwa tumwandike mtu aliyetufundisha uadilifu. Sikufikiri mara mbili. Nilikuandika wewe.

Niliandika kwamba ulikuwa Bwana Samaki, mkaguzi wa serikali, miaka ile ya tisini ambapo viwanda vya minofu vilikuwa vinaota kando ya ziwa kila ukigeuka. Sangara ambaye bibi alikuwa akimkataa kwa ajili ya mafuta yake akawa anapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukibaki na mapanki, vichwa na mifupa tu. Na hakuna mzigo uliotoka bila cheti chako, chenye saini yako na mhuri wako, kwamba samaki amekaguliwa na yu salama. Niliandika asubuhi ile uliyonipeleka mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, ukanishika kidole na kukiingiza kwenye shavu la sangara mkubwa kuliko mimi.

"Funua uone. Likiwa jekundu, mpitishe. Likiwa la kahawia, mrudishe. Hata kama ni wa mjomba wako."

Mjomba alikuwa amesimama pale pale na ndoo yake. Watu walicheka, na yeye akacheka nao ingawa kwa shingo upande.

Kisha nikaandika Jumamosi zetu, Baba, kwa sababu nilizipenda kuliko Krismasi. Mchana, Mama akiwa sokoni, ulikuwa unafungua mkoba wako wa ngozi na kutoa kitabu cha vyeti, kidau cha wino na ule mhuri wenye mpini mweusi. Wewe unasaini, mimi nagonga. Ulinifundisha kuupumulia kwanza, kisha kubonyeza mara moja bila kutikisa. "Mkono wako mzuri kuliko wa karani wangu," ulisema. Vidole vyangu vilibaki zambarau hata kwa sabuni ya magadi. Kesho yake kanisani yule karani wako, Baba Kulwa, aliyekuwa pia mzee wa kanisa, alikuwa akinishika mkono, anaugeuza na kunitania, "Karani mdogo, leo umefanya kazi ya nani?" Nami nacheka tu.

Mwalimu alinipa alama nzuri. Aliandika kwamba nina bahati ya kuwa na baba kama huyo.

Wiki tatu baadaye somo lilikuwa juu ya fomu zinazosainiwa kabla ya kazi kufanyika. Alituonyesha moja kwenye kioo: saini ipo, mhuri upo, mahali pa tarehe na aina ya mzigo ni peupe. Akasema mkaguzi anayeacha karatasi kama hizo ameuza macho yake. Wenzangu wakawa wanauliza maswali. Mimi nilikuwa natazama doa la zambarau kwenye kona ya meza, lile ambalo Mama amelisugua miaka yote hadi amekata tamaa.

Vyeti vyetu vilikuwa vitupu, Baba. Kitabu kizima.

Nilipokuwa mdogo niliwahi kukuuliza mbona hujaandika samaki gani. Ulisema ni vya akiba, kwa sababu magari ni mengi na samaki hasubiri mhuri. Nikakuamini. Ningemwamini nani mwingine?

Ndipo kile kisa cha nilipokuwa na miaka kumi na minne kikanirudia, na safari hii nikakielewa. Mzigo wa minofu iliyooza ulikataliwa ng'ambo. Ulikuwa na cheti chako, chenye tarehe ya siku ambayo wewe ulikuwa Ukerewe kwenye msiba wa bibi. Wakubwa walipokuuliza, ulisema Baba Kulwa ndiye aliyekaa na mhuri, na kwamba ameiga saini yako. Nami nikadhani ameiba kimoja katika vile vya akiba. Kumbe hakuiba chochote. Kila Jumatatu nilikuona ukimpa kitabu kizima akipeleke kiwandani wakijaze wenyewe, naye akakipeleka kama ulivyomwagiza.

Yule bwana wa uchunguzi alikuja hapa nyumbani. Mimi ndiye niliyeleta chai. Akakuuliza kama mhuri uliwahi kulala hapa, ukasema hata siku moja. Akanigeukia kwa upole tu, "Na wewe binti, umewahi kuuona?" Ulinitazama. Nilikuelewa. Nikasema sijawahi kuuona. Mikono nimeificha chini ya sinia.

Alipoondoka ulinipa hela ya Fanta. "Sasa umekua," ukaniambia. Baba, nilitembea hadi dukani kichwa juu. Nilivishwa kilemba cha ukoka na baba yangu mzazi nikakivaa kwa madaha. Baba Kulwa alifukuzwa kazi, na kanisani wakamvua uzee mbele ya watu wote, wanawe wakiwa wamekaa benchi la mbele. Wewe uliinamisha kichwa wakati wa sala. Mwezi uliofuata walikupa nafasi yake ya mzee wa kanisa, nawe ukaipokea.

Hilo la mwisho ndilo linalonichoma zaidi. Kumtupia mwenzako kosa, mtu mwenye hofu anaweza. Lakini kwenda kukaa kwenye kiti chake!

Nilimwambia Mama. Akasema, "Mwache baba yako apumzike. Kaburi halijibu." Ni kweli halijibu. Lakini Baba Kulwa yu hai.

Wiki iliyopita nilipanda gari nikaenda Misungwi, kwenye mashamba ya ukoo wake alikohamia baada ya aibu ile. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilipiga magoti nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaagiza niletewe kiti. Nikamweleza yote, habari ya vyeti, wino na ule uongo wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Aliendelea kupukuchua hadi likabaki gunzi tupu.

"Nilijua, mwanangu. Si nilikuwa naiona mikono yako kila Jumapili?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema, maana neno moja tu lingemwokoa.

"Ningesema, wangekuita wewe. Wangekuweka mbele ya polisi, uchague kati ya kusema uongo na kumfunga baba yako. Wewe ulikuwa mtoto."

Nililia kama siku tuliyokuzika. Hapana, nililia zaidi. Mtu ambaye hakunizaa alipoteza kazi na jina lake ili mimi nisiwekwe mahali ambapo wewe, uliyenizaa, ulikuwa umeshaniweka, tena sebuleni kwako, na sinia mkononi.

Sikuchukii. Ningekuchukia ingekuwa rahisi. Bado nikipita sokoni nafunua mashavu ya samaki kabla ya kuuliza bei, na ni kidole chako ninachokiona. Ndiyo maana inauma.

Nimemwandikia mwalimu kwamba zoezi langu la kwanza halikuwa la kweli, alifute. Na barua hii haibaki mezani. Mchungaji amekubali niisome Jumapili ijayo, mbele ya watu, pale pale Baba Kulwa alipovuliwa uzee. Kulwa na Doto, mapacha wake, watamleta baba yao. Nitamkalisha benchi la mbele. Mama amesema hatakuja, kisha jana nikamwona anapiga pasi kitenge chake cha kanisani.

Ulinifundisha kumrudisha samaki wa shavu la kahawia, hata kama ni wa mjomba. Cheti cha baba hukunifundisha. Hicho nakirudisha mwenyewe.

Lala, Baba.

Mimi binti yako,
mwenye vidole vya zambarau