Amplifaya ya Baba yake Mbae Ilivyonyamaza

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nelius Wanja. Umri: miaka 51. Kazi: muuzaji wa mitumba. Makao: Majimbo, Embu.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Kibanda changu kimepakana na cha Gitari, fundi wa redio, ambaye mmemfungia tangu asubuhi mkisema ameiba vifaa vya ndani ya amplifaya.

Mnamo tarehe 14 Mei 2024, mwendo wa saa nne asubuhi, Bwana Mbae alileta amplifaya ya zamani, nzito kama gunia la viazi. Ilikuwa ya marehemu baba yake. Taa iliwaka lakini sauti haikutoka. Mbae akasema, "Fundi, si uunge tu waya direct, upite hiyo protekshen inayokata sauti?" Gitari akakataa. "Mzee, askari wa geti akipiga filimbi humfungi mdomo. Unatafuta mwizi."

Mimi mambo ya stimu siyajui, lakini kumtazama Gitari akifanya kazi ni raha, na hilo nalisema waziwazi. Mashine huiwasha kupitia balbu. Balbu ikiwaka sana, anajua ndani kuna shoti, anazima kabla kitu hakijaungua. Alipima kulia na kushoto, akasema upande mmoja unavujisha stimu kuelekea spika, ndiyo maana mashine inajifungia. Alibadilisha transista mbili. Kisha akatunyamazisha sote, hata wateja wangu, kama ilivyo kawaida yake. Tukasikia "ka" ndani ya mashine, ile protekshen ikijifungua, na muziki ukaja. Transista mbovu alimkabidhi Mbae, kwa maana hakuna mteja wake anayeondoka bila vyuma vyake vya zamani.

Leo, tarehe 20 Mei, Mbae alirudi na polisi. Alisema mashine imenyamaza tena, na kwamba zile alizokabidhiwa ndizo zilikuwa orijino, Gitari akamwekea za bandia. Gitari aliuliza tu, "Umeunga spika ngapi?" Wakampeleka kituoni pamoja na mashine. Nilikasirika sana. Mwizi gani hukukabidhi alichoiba?

Hapa kituoni nilimwomba Konstebo Kinya mashine iwashwe bila spika yoyote. Gitari alitolewa seli, akaiwasha. Hata askari wa dawati walisogea kusikiliza. Ikasema "ka".

Hapo Mbae akaketi. Alieleza kwamba jana ilikuwa ibada ya kumkumbuka baba yake, naye aliongeza spika nne ili watu walio nje wasikie wimbo aliopenda mzee. Mzigo ukaishinda mashine, ikajifungia. Wageni wakaenda nyumbani bila kuusikia. "Niliaibika mbele ya baba," akasema. Nilimhurumia, ingawa bado nimemkasirikia.

Gitari ana maringo kidogo, lakini si mwizi, na mkono kama ule hamtaupata tena Embu. Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, na sina la kupunguza.

Sahihi: N. Wanja

Ripoti ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akayakubali. Mlalamishi ameondoa malalamishi na mshukiwa ameachiliwa saa tisa alasiri. Mlalamishi amemwomba waende pamoja nyumbani, wamchezee marehemu wimbo wake. Fundi amekubali.

Konst. F. Kinya