Mahari ya Raya, Alama Sita

Baba Raya, mume wangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute umeshatoka msikitini, umekaa na kahawa yako, maana nataka uisome kwa utulivu. Mgongo vipi? Ile dawa ya kuchua unaitumia au umeitia juu ya kabati? Na kula unakula? Dada yako kaniambia unashindia muhogo wa kuchemsha. Mimi mzima, Alhamdulillahi. Maandazi yanatoka, magoti yananiuma kidogo, na mvua za huku Dar zinatuvujia chumbani, lakini beseni tunalo.

Juzi kwenye simu ulisema, "Mwanangu aolewe kwa gazeti la katuni? Mgogoni nzima inicheke?" Ukakata. Kisha ukapiga mwenyewe, ukasema niandike, maana kwenye simu nalia tu hunisikii. Nakushukuru sana kwa hilo. Mwengine angekata akanyamaza. Na wewe ndiye walii wake, bila neno lako hakuna ndoa.

Sasa nikueleze. Unajua mwanao toka mdogo anakusanya vitabu vya katuni. Sisi tukidhani ataacha, hakuacha. Huku ana sanduku zima la vile vya zamani vya Kiswahili, kila kimoja kakitia mfuko wake wa plastiki na kadibodi nyuma kisipinde. Siku paa lilipovuja mimi nilikimbilia nguo, yeye akakimbilia sanduku. Nilimgombeza mpaka nikachoka. Kumbe wenziwe wapo wengi. Wanakutana Jumapili, wanakagua pembe, pini za katikati, rangi ya karatasi, halafu wanakipa kitabu alama. Kumi ni kama kimetoka kiwandani leo. Kikichanika kinashuka, kikibandikwa ndio kinashuka zaidi. Vitabu viwili sawasawa, kimoja watu wanakigombania kama mbuzi wa Iddi, chengine hakitakiwi hata cha kufungia njugu.

Huko ndiko walikojuana na Salim, yule kijana aliyetokea Wambaa, fundi wa mafriji. Alipoleta posa nikamuuliza Raya anataka mahari gani. Akanambia, "Mama, seti yangu imebaki toleo la kwanza tu. Anitafutie hilo, liwe zima."

"We mtoto una wazimu? Wenzio wanataka dhahabu!"

"Dhahabu ntanunua mwenyewe."

Nikaenda kumuuliza shehe wa hapa mtaani. Kasema mahari ni haki ya mwanamke, achague akitakacho, mradi kiwe na thamani. Hata hivyo roho haikunitulia.

Salim katafuta toka kabla ya Ramadhani. Ijumaa iliyopita kaja na dada yake, kakileta. Mimi kwa furaha nikawasha chetezo, nikakichukua nikifukize udi, kama tunavyofukiza nguo za bibi harusi. Raya alipiga ukelele! "Mama, moshi! Mama!" Salim akakidaka kama anadaka mtoto mchanga. Dada yake kacheka mpaka kakaa chini.

Raya akakitazama kwa lenzi, ukurasa kwa ukurasa. Uso ukamng'ara. "Hichi tisa," akasema. Nikashusha pumzi.

Salim akasema, "Si tisa. Fungua ukurasa wa katikati, ukinge kwenye mwangaza. Ulichanika, mtu kaubandika kwa ufundi. Hata mimi sikuuona mara ya kwanza."

Dada yake akamtia kiwiko. "Wee, kwani kakuuliza?"

"Hakuniuliza. Lakini ndiyo mahari yake."

Raya akaukinga. Kweli, mstari mwembamba kama unywele. Kitabu kikashuka mpaka sita. Alikitaka kizima, na hakikuwa kizima. Nikajua atakirudisha, na bwana harusi naye. Raya akakitia taratibu kwenye mfuko wa plastiki, akaandika sita juu ya mfuko, akasema, "Nimekubali."

Hapo nikakukumbuka wewe, Baba Raya. Mwaka ule mvua ilipotukuta karafuu ziko juani. Tulipokwenda kuuza, mpimaji katia mkono juu ya gunia la mwisho, kasema daraja la kwanza. Ukamwambia, "Hilo lilinyeshewa, yakhe. Chimba chini." Mimi nilinuna njia nzima. Raya alikuwa mdogo, kakaa juu ya magunia, anakutazama. Miaka yote hii nimemshukuru Mungu kwa kunipa mume kama wewe, ila sikujua kama mtoto naye alikuwa anaona.

Nisalimie mama yangu, mwambie sijasahau kanga yake. Nisalimie dada yako, na Bi Time jirani anayenilishia kuku, na Shehe wa msikitini kwetu.

Ukikubali usinipigie, ntalia tena. Njoo tu. Kanzu yako nyeupe nshaipiga pasi. Raya anataka umuozeshe kwa mkono wako, na mahari uitaje kwa sauti mpaka walio nje wasikie: kitabu kimoja cha katuni, alama sita.

Mkeo anayekuombea dua kila sala,
Mama Raya