Saa za Ziada Unazotaka Kuzikataa

Mjukuu wangu Neema,

Wengi hukosea hapa: wanadhani mshahara ukivuka mpaka wa kodi, wote hukatwa kwa kiwango kikubwa. Sivyo, mama. Kiwango hicho hukata ile sehemu iliyozidi tu. Iliyo chini ya mpaka hukatwa kama kawaida.

Hapa Sydenham hatujambo. Bibi yako anakusalimu, goti lake limepata nafuu. Umeniuliza kama ukatae saa za ziada huko Cape Town, kwa kuwa bajeti ya serikali imebadilisha viwango vya kodi. Swali lako limenitia aibu, maana niliwahi kulijibu.

Nilipokuwa kibarua kwenye ghala Mobeni, viwango vilibadilika. Wenzangu walijua nilikuwa mwalimu kule Bukavu, wakaniuliza. Nikawaeleza kwa kirefu: "Msifanye kazi Jumamosi, kodi itakula yote." Mama Furaha, mwenzetu wa ghalani, akanisikiliza, akaziacha Jumamosi zake. Akakosa ada ya shule, binti yake akabaki nyumbani.

Baadaye nilisoma vizuri, nikaelewa. Asubuhi moja kabla ya zamu ya mchana nikaenda kwake kumwambia. Alicheka.

"Eish, Mwalimu! Miye niliamini ile miwani yako. Kumbe iko ya kupendeza tu!"

Afadhali angenitukana. Furaha alikuwa kando yake akichambua maharage, saa ya shule.

Kwa hiyo usipange mwezi wako kwa hofu. Panga kwa kitakachobaki mkononi, nacho kitaongezeka. Leo, kabla hujatoka kazini, mwambie msimamizi wako unazitaka hizo saa.

Babu yako