Babu Yako Alikuwa Amefunga

Nyumba ya mlango wa bluu,
Chumba cha nyuma,
Jumatatu, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Mkeo hajambo? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Huku tu wazima. Goti langu linauma likitaka, babu yako anasikia akitaka. Tunashukuru.

Nakuandikia kwa mkono wangu, usicheke mwandiko. Shule niliishia darasa la tatu, lakini herufi zangu husimama wima. Kwenye simu utanichekesha, na nikishacheka nasahau nilichokasirikia. Shangazi yako ataipiga picha karatasi hii akurushie leo leo.

Sinema yako nimeiona. Shangazi yako aliniwekea kwenye simu yake, nikavaa miwani, nikakaa kitako saa mbili nzima. Mwanzo kabisa mmeandika kwa herufi kubwa kwamba hiki ni kisa cha kweli. Nikasema haya, tuone.

Mmeweka vyerehani vya umeme. Sisi kule kiwanda cha sare tulishona kwa kukanyaga, mpaka mashavu ya miguu yakawa mawe. Hilo nimelisamehe. Mimi nimeigizwa na msichana mwenye kiuno cha nyigu. Hilo si kulisamehe tu, nililirudia kulitazama mara mbili.

Kisha ukafika ule moto wa kiwandani. Kijana anayemwigiza babu yako akaufunga mlango wa chumba cha kushonea, akatia ufunguo mfukoni, akasimama uani huku wanawake wanagonga ndani. Hapo nilivua miwani.

Nani alikuambia hayo? Shangazi yako anasema ni mimi. Nilibisha, tukagombana, mpaka nikakumbuka. Mwaka juzi uliniwekea kinasa sauti mezani, nikakuambia, "Siku ya moto babu yako alikuwa amefunga." Birika likachemka, nikainuka. Niliporudi ulikuwa umeshageuza ukurasa, unaniuliza habari za sare.

Alikuwa amefunga kula, wewe! Daktari alimwambia asitie kitu tumboni mpaka apimwe damu. Asubuhi ile alikuwa kwenye foleni ya zahanati, na funguo zote za kiwanda, alizokuwa akizitunza yeye, alimwachia msimamizi wa zamu. Msimamizi ndiye aliyefunga mlango kwa nje, ati washonaji wanatokatoka ovyo, akaenda zake kunywa chai. Babu yako alirudi na njaa yake akakuta moshi, akauvunja mlango kwa nondo. Walitoka wote isipokuwa watatu. Vile vidole vyake viwili vilivyojikunja, ulivyokuwa ukivichezea utotoni ukiviita kulabu, ulidhani alizaliwa navyo?

Najua kwa nini hukumuuliza mwenyewe. Wenzake walimwita Mzee Funguo, ukaona jina linatosha kuwa ushahidi. Na kwa kuwa babu yako hapendi kuutaja moto ule, ukamwogopa. Kuuliza si ujinga, nilikufundisha hivyo kabla hujajua kufunga kamba za viatu.

Ulimwambia shangazi yako kwamba sinema lazima itiwe chumvi. Chumvi hutiwa kwenye mchuzi, bwana. Wewe umemwaga mchuzi ukatupakulia chumvi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Jirani yetu, binti wa yule fundi wa vifungo aliyefia mle ndani, naye ameiona. Jana alikuja, hakukaa. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Bibi, kumbe miaka yote hii namsalimia aliyemfungia mama yangu?" Nikamweleza yote kama nilivyokueleza humu. Akasema, "Mbona mjukuu wenu mwenyewe kaandika ni kweli?" Akageuka akaenda zake.

Na Jumamosi hii inaonyeshwa ukumbini, mji mzima umealikwa. Babu yako hajui kilichomo. Anajua tu kwamba mjukuu wake kamtengenezea sinema. Koti ameshalipiga pasi mara mbili. Leo ameniomba nimkate kucha, hata za vile vidole viwili. Nimemkata, nikakosa pa kuangalia.

Basi kabla ya Jumamosi mpigie mwenye ukumbi aizuie. Mpigie na jirani, umwambie kwa mdomo wako kwamba umekosea. Kisha mpigie babu yako, umuulize ulichopaswa kumuuliza mwaka juzi. Usipofanya hivyo nitasimama na fimbo yangu mbele ya lile pazia jeupe, na sinema ya siku hiyo itakuwa mimi.

Kosa langu nalo nimelitazama. Nilisema neno nusu nikakimbilia birika. Lakini si mimi niliyeandika "kisa cha kweli".

Msalimie mkeo, sina ugomvi naye. Shangazi yako anakusalimu, ingawa katika hili yuko upande wangu. Babu yako anakusalimu sana, anauliza kama siku hiyo nawe utavaa koti huko uliko. Mungu akulinde, akufungue na masikio.

Na mimi kuanzia leo nimefunga. Safari hii usikisie. Piga simu uulize nimefunga nini.

Nakupenda hata nikiwa nimekununia,

Bibi yako, mke wako wa kwanza.