Kitanda cha Operesheni Kimehamia Kwenu

Nyuma ya Posta ya Zamani
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu, ingawa leo nazituma nimenuna. Hujambo? Mgongo umepata nafuu kwa hizo safari za lori? Wifi na watoto wazima? Sisi tunapumua. Presha yangu inapanda na kushuka itakavyo.

Picha zako zimefika kwenye simu. Ghorofa, taa za barabarani, soko jipya. Hongereni. Tangu makao makuu ya mkoa yahamie kwenu, mji wenu unanenepa na wetu unabaki mifupa.

Huku benki imefungwa. Makarani waliopanga vyumba vyangu wamehama, wameniachia misumari ukutani. Lami iliyokuwa inakuja sokoni imeishia mlangoni kwa kinyozi. Anasema inangoja ruhusa kutoka kwenu.

Hayo ningemeza. Lakini kitanda cha operesheni cha hospitali yetu? Na daktari wake?

Juzi nimempeleka binti yangu kliniki. Mimba ina miezi minane, na unajua mtoto wa kwanza alitolewa kwa operesheni. Muuguzi akaniambia, "Mama, hapa siku hizi tunapima presha tu. Uchungu ukianza, mkimbizeni makao makuu." Nikamuuliza kwa gari gani, ikiwa ambulansi nayo mmeichukua huko kwenu. Akaita mgonjwa mwingine.

Halafu nikaambiwa nani alibeba vitu vile. Wewe! Ulipita kwangu siku ile, ukala ukashiba, ukaniambia umebeba viti vya ofisi. Nami mjinga nikakufungia chakula cha njiani! Mjomba mtu mzima, umefunga kamba kwa mikono yako. Usiniambie kazi ni kazi.

Mtoto wa watu analia bafuni akidhani simsikii. Akitoka nacheka naye.

Sasa sikuombi, nakwambia. Kwa barabara hii mbovu, hatungoji uchungu uanze. Jumamosi njoo na gari dogo, siyo lori, umchukue mpwa wako. Atakaa kwenu mpaka ajifungue. Mpeni chumba chenu cha kulala, nyinyi mtajibana sebuleni. Na mimi nakuja naye, pamoja na mdomo wangu.

Msalimie wifi, mwambie hasira hizi si zake. Nibusie mwanao Kipara na dada zake. Mungu akulinde barabarani, maana sijamaliza kukugombeza.

Wako akupendaye hata akiwa amefura,
Dada yako