Phineas Mwandoe, Aliyelileta Boya la Bahari Chawia

Mwaka umezunguka, Phineas, tangu homa ikutoe mikononi mwetu tarehe 9 Machi 1985. Bado tunasahau na kukuwekea kikombe.

Hukuwa mtu wa kelele. Ulivua viatu nje hata mvua ikinyesha, na kila mtoto ulimsalimia kwa jina lake.

Kazi yako ilikuwa kushusha maboya kutoka melini. Boya lilikwenda na mkondo peke yake, miezi na miezi, likipima joto la maji na kuiambia setilaiti liko wapi. Ulisema joto la huko mbali lina mkono katika mvua yetu ya vuli. Mama yako hakuamini. Tangu baba yako afariki alitaka urudi shambani.

"Mtu wa milimani anatafuta nini kwenye maji ya chumvi?" alikuuliza. "Na kitu kisicho na waya kitaongea na nani? Kilete nikione!"

Hukujua kumkatalia. Mwaka wa 1981 ulitumwa Kilifi kuchukua boya lililokwama ufukoni ulirudishe Mombasa. Ukalipakia kwenye keria ya basi, ukalileta nyumbani Chawia Jumamosi, refu kama mtu. Mama yako akaliosha kwa sabuni, akalisimamisha kibarazani, kuku wakalizunguka. Hukulizima.

Jumatatu ofisi yenu ya Mombasa ikakuita ukafutwe kazi. Mama yako akapanda gari la moshi nawe pale Voi.

"Kosa ni langu, Bwana Mutiso," akamwambia mkubwa wako. "Mimi ndiye niliyemsumbua."

Bwana Mutiso akakunjua ramani. "Basi tazama, mama. Bahari imepanda mlima!"

Mstari wa penseli, njia ya boya lile, ulitoka upande wa Shelisheli, ukajizungusha kama uzi uliodondoka, ukafika Kilifi, kisha ukakata nyika moja kwa moja hadi Chawia.

"Jumapili alfajiri joto lilishuka hadi nyuzi kumi na nne," akasema. "Tukadhani dunia imeharibika."

Mama yako akaweka kidole pale. Alikumbuka baridi ile. Ndiyo iliyomwamsha kuwasha moto. Kumbe huko juu, kusikoonekana, ilisikika. Bwana Mutiso akamletea maji, akanywa.

"Usimfukuze, bwana," akasema mwisho. "Na wewe Phineas, shamba nitaliangalia mwenyewe. Nenda."

Ukapewa barua ya onyo tu, ukarudi melini miaka minne mingine.

Boya lako la mwisho bado linaelea. Bwana Mutiso hutuandikia lilipofika, na binti yako Jedidah humsomea mama yako. Kabla barua haijakunjuliwa vizuri, yeye huuliza, "Maji huko yana joto kiasi gani leo?"

Unakumbukwa na mama yako Wakio, mkeo Mable, watoto wako Elijah na Jedidah, na ndugu yako Donald.

Hatutakusahau, Phineas, siku zetu zote.