Koti la Baba Lina Mtu Ndani

Doha

Kwako Baba Makena,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. U mzima? Kile kikohozi kimekuacha? Kuku wanataga, na mbwa wa jirani ameacha kuingia jikoni kwetu? Mimi ni mzima, ila miguu huvimba jioni kwa kusimama, na hasira ninayo tangu Jumapili. Nimekujulia hali kwanza kwa sababu nililelewa vizuri. Sasa tuongee.

Ninakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako imenichosha. Nikikupigia, netiweki inakuwa mbaya mara tu ninapotaja koti. Nikikutumia ujumbe, unanijibu kwa kile kidole gumba cha manjano, kana kwamba nimekuuliza kama umekunywa chai. Karatasi haina netiweki. Atakuletea Wanja, mwenzangu wa hapa kwenye duka la dobi, anayekuja likizo kwao Runyenjes. Nimemwambia akukabidhi mkononi, halafu aketi hapo mpaka umalize kusoma. Mpikie chai.

Picha nimeiona. Makena aliiweka kwenye simu yake bila ubaya wowote, akaandika kwamba baba yake anapendeza. Nikakuona nje ya duka lako la mbegu na dawa za mifugo, mkono kiunoni, miwani ya jua usoni, umeegemea pikipiki ambayo si yako. Na mwilini umevaa koti la ngozi la baba yangu.

Hebu nikukumbushe lile koti ni la nini, maana naona umesahau. Ulipokuja kuniomba kwetu Kanyakine ulileta asali, ukaleta mbuzi, na ng'ombe ukamtoa Makena akiwa ameanza shule. Kilichobaki kilikuwa koti la mzee na blanketi la mama. Vitu vya kubeba kwa mkono mmoja, Baba Makena! Kila mwaka ukasema utapeleka Krismasi. Krismasi ikifika, mara mvua imekata barabara, mara dukani hakuna wa kukushikia, mara shemeji yako Kirimi alikutazama vibaya. Makena sasa ni mtu mzima wa kuposwa, na baba yangu bado anangoja koti.

Si kwamba hana cha kuvaa. Nenda siku moja pale kiwandani wazee wakipeleka kahawa. Wote wamevaa makoti, na kila koti lina mwenyewe aliyelileta. Utamsikia mmoja: hili nililetewa na mkwe wangu wa Chuka. Hili la mkwe wa Nkubu. Hakuna anayesema lilitoka duka gani. Baba anasimama katikati yao na ile sweta ya shule aliyoiacha Kirimi, ya rangi ya damu ya mzee, na wenzake humuuliza kwa utani kama binti yake wa Embu aliolewa au alikwenda kutembea. Anacheka nao. Halafu akifika nyumbani hali chakula, mama ndiye aliyeniambia.

Ndiyo maana nililinunua mimi. Fikiria jambo hilo polepole: mwanamke anamnunulia baba yake koti la mahari yake mwenyewe. Nikasema basi, lengo ni lifike. Nililipima mabega kwa viganja vyangu pale dukani, nikikumbuka mgongo wa baba akiwa ameinama kwenye mibuni, mpaka muuzaji akaniuliza kama naomba dua. Nikaliweka pamoja na blanketi, nikakutumia, nikakuambia: usifungue, peleka Kanyakine. Maneno matatu tu.

Na ulipopatikana ulisema nini? "Mama Makena, nilikuwa naipasha joto tu. Ngozi ikikaa kwa begi inapasuka." Wewe ndiye wa kunifundisha mimi ngozi? Ngozi haipashwi joto kwa miwani ya jua, Baba Makena. Na ile pikipiki ilikuwa inapasuka pia?

Sasa nauliza kwa upole kabisa: blanketi la mama liko wapi? Makena ameniapia kwamba bado liko kwenye mfuko wake. Namwamini yeye. Lakini baridi ya Julai ya Embu naijua, na wewe nakujua.

Nilipokubana zaidi ndipo ukasema ukweli, kwamba yote yalianza siku yule kijana wa Makena, Mutwiri, alipokuja kujitambulisha. Kijana wa Kianjai, anayepeleka miraa Nairobi, amevaa jaketi la ngozi linalong'aa mpaka kola. "Sasa kijana amekuja na jaketi, na mimi niko na sweta imetoboka kiwiko, hapo ningekaa aje?" Ungekaa kwenye kiti, Baba Makena. Yeye ndiye aliyekuja kuomba. Mtoto wa watu alivaa jaketi kwa sababu alikuwa anakuogopa, na wewe ukamwogopa yeye kwa sababu ya jaketi. Wanaume wawili wazima mnatishana kwa ngozi ya ng'ombe aliyekufa.

Kazi yangu hapa imenionyesha mengi kuhusu nyinyi. Huku hakuna baridi ya kumfanya mtu atafute hata leso, lakini majaketi ya ngozi yanakuja kusafishwa kila wiki. Kuna mhasibu mmoja anatoka kwenye gari lenye kipoza hewa na kuingia ofisi yenye kipoza hewa, na katikati hapo anatembea na jaketi lake jeusi huku jasho linamtoka. Nikamuuliza siku moja, kaka, kwa nini unajitesa? Akasema akiwa na shati tu bosi wake huongea naye bila kuinua macho. Na mwanaume akija kuchukua jaketi lake, halipokei hivi hivi. Analivaa hapo hapo, anatazama mabega kwenye kioo, halafu anatazama mlangoni kuona ni nani aliyemwona. Na anayemtafuta pale mlangoni si mwanamke. Mke anayemfulia alishamjua zamani, na kiwiko kilichotoboka yeye ndiye anayekishona. Mnavaliana nyinyi kwa nyinyi, na wanawake ndio tunaotumwa madukani.

Nilikuwa nimejiandaa kukuambia hayo yote na kukata simu. Halafu ukasema lile neno lingine. Ukasema tangu nije huku, wewe ndiye unayebeba kikapu sokoni, na kuna watu hapo mtaani kwetu Dallas wanakuita mke wa Kawira. Ukasema siku ile ulipovaa koti, fundi viatu wa pale njiani, ambaye hukuamkia huku anaendelea na gundi yake, alisimama akakupa mikono miwili. Niliishusha simu kutoka sikioni. Uliona ni netiweki, haikuwa netiweki. Niliumia, Baba Makena. Sikujua kwamba unatembea hapo mtaani ukiwa umeinama kwa sababu yangu. Kama ungeniambia mapema ningekununulia la kwako, hata kama ningelalamika mwezi mzima. Lakini hukuniambia. Ulichukua la mzee.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumapili, maana hayo hukuyangoja, ulikata simu.

Kirimi alimwonyesha baba ile picha. Nilimgombeza, akasema baba ndiye aliyeomba kuona mjukuu wake, picha yako ikafuata. Baba akachukua simu, akanipigia mwenyewe, na unajua vile anavyoshika simu mbali na sikio kama itamwuma.

"Kawira," akasema, "hiyo koti nimeiona. Ni koti mzuri sana. Shida ni moja, iko na mtu ndani."

Nikamwambia, pole baba, nitakutumia ingine. Akanikatiza.

"Ingine ya nini? Wewe utaniletea koti mpaka lini, na wewe ndio msichana? Mimi baridi nimeizoea. Koti si ya baridi. Hiyo mtu akuje. Akuje nayo hivyo tu akiwa ndani. Nitamtoa mwenyewe."

Kisha akauliza kama huku kuna mvua, akakata.

Nilikwenda nyuma ya duka, pale tunapotundika nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, nikalia mpaka msimamizi akadhani ni mvuke wa pasi umeniingia machoni.

Kwa hiyo hii ndiyo kazi yako. Jumamosi baada ya kupata barua hii, chukua baba yako mdogo aliyetusemea mwanzoni kwenye posa, chukua blanketi la mama, mwende Kanyakine. Koti livae. Nimesema livae! Lakini ndani yake uvae ile sweta iliyotoboka kiwiko, hiyo hiyo, usiazime ya mtu. Ukifika uwanjani kwetu, mbele ya mzee na wale wenzake wa kiwandani, ambao Kirimi atawaita, simama umwache baba akuvue. Halafu wewe umvalishe kwa mikono yako na umfunge zipu, kwa sababu zipu zinamshinda. Urudi Embu na sweta yako. Mutwiri awepo pia. Ataona koti la mzee linavyofika kwa mzee, na siku yake ikifika hatauliza.

Kabla ya kwenda, kuna doa la mchuzi kwenye mkono wa kushoto. Usibishe, niliikuza ile picha, na madoa ndiyo kazi yangu. Kitambaa chenye maji kidogo, upanguse, ulianike kivulini. Usitie sabuni. Nikisikia umetia sabuni ya kipande, nitapanda ndege.

Na usiseme utangoja Krismasi. Watu wa Kianjai wanakuja Agosti, na wazee wao wataanza na lile swali: mama wa msichana ameolewa? Kirimi ameapa kwamba kama koti halijafika, atakuwepo, na atasimama aseme hapana. Basi mbuzi wa Makena watapelekwa Kanyakine kwa babu yake, maana mama asiyemaliziwa mahari bado ni wa kwao, na mtoto wake pia, na wewe utabaki na miwani yako. Lakini mbuzi si kitu. Mtoto wetu atakuwa ameketi chumbani na shangazi zake, amesukwa vizuri, akisikiliza wanaume wakibishana uani kama mama yake ni mke wa mtu. Hilo sitakusamehe, na nakuambia mapema ili usije ukashangaa.

Nisalimie mama mkwe wangu, umwambie dawa ya miguu imo kwenye begi la Wanja. Nisalimie baba yako mdogo, na umsomee sehemu inayomhusu. Msalimie yule mama jirani anayenitunzia sukuma wiki, na hata fundi viatu, na uone kama atasimama ukiwa na sweta. Makena mwambie hakukosa kitu, na picha zake aendelee kupiga. Wewe nakusalimu pia. Umekonda, niliona hilo kabla ya kuona koti.

Barua zangu zote huwa namaliza kwa kuandika mkeo mpenzi, Mama Makena. Hii nimeishikia kalamu muda mrefu. Nimeandika jina nililo na haki nalo, na nitaendelea kuliandika mpaka Kirimi anitumie picha ya lile koti likiwa na baba yangu ndani.

Ni mimi,

Kawira, binti M'Ikiugu,
wa Kanyakine.